Udahili wa udaktari wa mifugo: Pointi zilezile, mizani tofauti

Matokeo ya Kidato cha Sita yanapotangazwa, jambo la kwanza linaloulizwa nyumbani ni daraja, na la pili ni pointi. Kijana aliyepata daraja la kwanza la pointi nane hupongezwa, na iwapo ndoto yake ni kuwa daktari wa mifugo, wazazi huanza kuulizia mabweni ya Morogoro. Wiki chache baadaye jina lake huweza kukosekana katika orodha ya waliochaguliwa, ilhali mwanafunzi mwenzake mwenye pointi nane zilezile amepata nafasi. Minong'ono ya upendeleo huanza hapo.

Mara nyingi hakuna upendeleo wowote. Kilichotokea ni kwamba familia ilikuwa ikisoma namba moja, na chuo kilikuwa kikisoma nyingine.

Pointi zinazotolewa na Baraza la Mitihani la Tanzania kwa ajili ya kupanga madaraja huhesabiwa kwa kushuka: A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, na kadhalika. Mwenye pointi chache ndiye aliyefanya vizuri, na daraja la kwanza huanzia pointi 3 hadi 9. Pointi za udahili, ambazo hutumiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), huhesabiwa kwa kupanda: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, na ufaulu mdogo wa S ni nusu pointi. Kigezo hiki cha pili ndicho kinachoamua nani aingie chuo kikuu. Kiwango cha chini kabisa kwa shahada ni ufaulu kamili, yaani alama ya E au zaidi, katika masomo mawili yanayobeba programu husika, wenye jumla ya pointi 4.

Maneno "yanayobeba programu husika" ndiyo yanayopuuzwa zaidi. Wachukuliwe watahiniwa wawili wa tahasusi ya PCB. Wa kwanza amepata B katika Biolojia, B katika Kemia na D katika Fizikia. Wa pili amepata D katika Biolojia, C katika Kemia na A katika Fizikia. Wote wawili wana daraja la kwanza la pointi nane. Ukijumlisha masomo yote matatu kwa kipimo cha udahili, kila mmoja ana pointi 10. Lakini ukitazama Biolojia na Kemia peke yake, ambayo ndiyo nguzo ya taaluma ya tiba ya wanyama, wa kwanza ana 8 na wa pili ana 5. Wote wamevuka kizingiti cha pointi 4, ila katika programu yenye ushindani hawasimami mahali pamoja.

Waliomaliza Kidato cha Sita mwaka 2014 na 2015 wana hesabu yao ya pekee, kwa kuwa miaka hiyo ilitumia mfumo uliokuwa na alama ya B+. Kwao A ni 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2, D ni 1 na E ni nusu pointi. Mtu wa kundi hilo anayerudi kuomba chuo akiwa tayari kazini asijipime kwa jedwali la wengine, kwani C yake hailingani na C ya mdogo wake.

Kizingiti si ahadi

Kitabu cha mwongozo cha TCU, ambacho hutolewa kila mwaka wa udahili, hueleza kwa kila programu masomo yanayotakiwa, alama za chini na idadi ya nafasi. Waombaji wengi husoma safu ya sifa na kuishia hapo. Safu ya nafasi ina uzito uleule. Shahada ya Tiba ya Mifugo ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro, ni ya miaka mitano, na huhitaji maabara, hospitali ya wanyama na mifugo ya kufundishia. Programu ya namna hiyo haiwezi kuongeza wanafunzi kwa kuongeza viti darasani. Sifa za chini humwezesha mwombaji kuingia kwenye foleni tu. Nafasi yake katika foleni hutokana na alama.

Maandalizi huanza mapema kuliko wengi wanavyodhani, yaani wakati wa kuchagua tahasusi baada ya Kidato cha Nne. PCB huacha wazi mlango wa udaktari wa binadamu na ule wa mifugo kwa pamoja. CBG, yenye Kemia, Biolojia na Jiografia, au CBA, ambamo Kilimo huchukua nafasi ya Fizikia, hufunga mlango wa udaktari wa binadamu, kwa sababu huko Fizikia ni ya lazima. Mwanafunzi mwenye hakika na fani ya mifugo, na ambaye Fizikia humsumbua, ana sababu nzuri ya kutazama tahasusi hizo, mradi ahakikishe katika mwongozo kwamba somo lake la tatu linakubalika. Kulazimisha PCB kwa sababu ya heshima ya jina lake, kisha kupata alama za chini katika masomo yote matatu, hakumsaidii yeyote.

Kuna kosa jingine, na pengine ndilo lenye gharama kubwa kuliko yote. Udaktari wa mifugo hufanywa akiba ya waliokosa udaktari wa binadamu. Mwombaji mwenye D tatu katika Fizikia, Kemia na Biolojia amefikisha pointi 6 na kwa maandishi anaweza kuomba udaktari wa binadamu. Hulipa ada za maombi katika vyuo vinne au vitano, vyote kwa programu hiyo moja, akishindana na wenye A na B. Dirisha la kwanza likifungwa bila jina lake kutoka, ndipo huikumbuka Morogoro. Dirisha la pili, hata hivyo, hugawa nafasi zilizobaki, na hakuna anayemhakikishia kwamba za tiba ya mifugo zimebaki.

Tangu mwaka wa masomo 2017/18 maombi hupelekwa moja kwa moja vyuoni badala ya kupitia mfumo wa pamoja wa TCU, uliokuwa umeanza mwaka 2010. Mabadiliko hayo yalimpa mwombaji uhuru wa kuomba vyuo vingi, lakini pia yalimwachia mzigo wa kupanga. Kwa anayeitaka fani ya mifugo kwa dhati, busara ni kuiweka chaguo la kwanza SUA katika dirisha la kwanza, na machaguo yanayofuata yawe programu jirani kama sayansi ya wanyama au nyingine za sayansi za kilimo, ambazo alama zake zinafikia. Anayeupenda zaidi udaktari wa binadamu naye asiache kupeleka maombi Morogoro katika dirisha lilelile. Akichaguliwa na zaidi ya chuo kimoja, atatakiwa kuthibitisha kimoja kwa namba maalumu ya siri anayotumiwa. Asiyethibitisha ndani ya muda uliowekwa hujiweka katika hatari ya kupoteza nafasi zote mbili, na visa vya wazazi kubadili namba ya simu katikati ya msimu wa udahili si vichache.

Wapo pia wanaofika kwa njia ya stashahada. Wakala wa Vyuo vya Mafunzo ya Mifugo (LITA), wenye kampasi katika maeneo kama Tengeru na Mpwapwa, hutoa mafunzo ya afya ya mifugo. Kwa taratibu za jumla za TCU mwenye stashahada huhitaji wastani usiopungua 3.0 pamoja na ufaulu wa masomo yasiyopungua manne ya Kidato cha Nne. Programu yenyewe huweza kuweka masharti makali zaidi. Njia hii ni ndefu, lakini huwapa wanafunzi kitu ambacho wengi wa Kidato cha Sita hawana: wamewahi kumshika ng'ombe.

Kabete na Makerere

Kwa historia, taaluma hii katika Afrika Mashariki ina asili moja. Mafunzo ya veterinari yalihamishwa kutoka Makerere kwenda Kabete, nje kidogo ya Nairobi, mwaka 1962, na katika miaka ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki Mtanzania aliyetaka fani hiyo alikwenda huko. Leo kila nchi ina mizani yake.

Nchini Kenya, wanaopelekwa vyuoni kwa utaratibu wa serikali hupangwa na taasisi ya KUCCPS. Sharti la jumla la shahada ni wastani wa C+ katika mtihani wa KCSE, lakini kinachoamua programu ni uzito wa kundi la masomo manne. Kwa namna yake rahisi, hesabu huchukua pointi za masomo hayo manne na kuzigawa kwa 48, huchukua jumla ya masomo saba na kuigawa kwa 84, huzidisha majibu hayo mawili, hutafuta kipeuo cha pili, kisha huzidisha kwa 48.

Matokeo yake huwashangaza wazazi. Mtahiniwa mwenye jumla ya 70, ambayo ni wastani wa B+, akiwa na 44 katika masomo manne ya kundi, hupata takriban 41.95. Mwenzake mwenye jumla ya 74, ambayo ni A-, lakini mwenye 39 katika kundi, hupata takriban 40.61. B+ imeishinda A-. Ikumbukwe tu kwamba KUCCPS huingiza pia kipimo cha ufaulu kinachotokana na alama halisi za somo, hivyo hesabu ya nyumbani ni makisio. Kilicho salama zaidi ni kulinganisha uzito wako na ule wa mwombaji wa mwisho kuchukuliwa mwaka uliotangulia, takwimu ambayo waombaji huweza kuiona katika mfumo wenyewe. Tiba ya mifugo hufundishwa Chuo Kikuu cha Nairobi na pia Egerton, Njoro, kwa hiyo mwombaji wa Kenya anaweza kuipanga fani hiyo zaidi ya mara moja katika machaguo yake.

Makerere, jijini Kampala, ilirudisha mafunzo hayo baadaye na leo hutoa shahada ya miaka mitano. Hapo mizani iko wazi kuliko kwingine. Kwa matokeo ya UACE, A ni 6, B ni 5, C ni 4, D ni 3, E ni 2 na O ni 1. Masomo mawili ya msingi wa programu huzidishwa mara tatu, la tatu lenye uhusiano huzidishwa mara mbili, na yale ya nyongeza kama Karatasi ya Maarifa ya Jumla huhesabiwa mara moja. Waombaji wa kike wamekuwa wakiongezewa pointi 1.5.

Wale watahiniwa wawili wa mfano wa Tanzania, kama wangekuwa na alama hizohizo Uganda, wangekuwa na jumla ya 13 kila mmoja kabla ya kuzidishwa. Baada ya kuzidishwa, mwenye B mbili katika Biolojia na Kemia hufikisha 36, na mwenye A ya Fizikia hufikisha 33. Pointi tatu ni pengo kubwa. Kama yule wa pili ni msichana, pointi 1.5 hupunguza nusu ya pengo hilo bila kulifuta.

Wanaofikiria mbali zaidi hukutana na desturi nyingine. Uingereza humruhusu mwombaji wa veterinari kutumia machaguo manne tu kati ya matano ya mfumo wa UCAS kwa fani hiyo, na tarehe ya mwisho huwa katikati ya Oktoba, karibu mwaka mzima kabla ya masomo kuanza. Marekani huitoa shahada hiyo kwa miaka minne baada ya masomo ya awali ya chuo, na maombi mengi hupitia mfumo mmoja uitwao VMCAS. Mtihani wa GRE, uliokuwa sharti la vyuo vingi huko, umeachwa na vyuo vilivyo vingi. Saa za kufanya kazi na wanyama chini ya daktari bado zinahesabiwa.

Karatasi kabla ya safari

Mtanzania mwenye cheti cha nje, kiwe cha KCSE au UACE, na anayetaka kusoma SUA, huhitaji kwanza ulinganifu wa matokeo kutoka Baraza la Mitihani. Kazi hiyo isisubiri dirisha la udahili lifunguliwe. Maombi ya mkopo nayo hupelekwa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu kwa dirisha lake lenyewe. Kuchaguliwa na chuo hakumwombei mtu mkopo.

Anayekwenda nje naye ana swali la kuuliza kabla ya kulipa ada. Nchini Tanzania, kazi ya udaktari wa mifugo husimamiwa na Baraza la Veterinari chini ya sheria ya mwaka 2003, na hakuna anayeruhusiwa kuifanya bila kusajiliwa. Uzito wa usajili huo ulionekana wakati wa mlipuko wa homa ya Bonde la Ufa wa mwaka 2006 na 2007, uliozikumba Kenya na Tanzania na kuua mifugo na watu, kwani hukumu ya nyama ipi iliwe ilikuwa mikononi mwa wataalamu wa machinjioni. Shahada ya nje hupitia pia tathmini ya TCU. Barua moja kwa Baraza, ikiuliza kama chuo kinachokusudiwa kinatambuliwa, huandikwa kwa siku moja. Miaka mitano ya masomo hairudishwi.