Redio Iliyoimba Bila Kituo

Chukua redio ndogo ya AM, iweke karibu na tarakilishi, kisha tafuta mahali pasipo na kituo. Utasikia mkwaruzo unaobadilika kila programu inapoanza kazi. Mara ya kwanza nilidhani redio yangu imeharibika!

Mwaka 1975 huko California, Steve Dompier alifanya mchezo huo mbele ya wanachama wa Homebrew Computer Club. Altair 8800 yake haikuwa na spika wala kiwambo. Aliingiza programu kwa swichi, akaweka redio kando, na redio ikapiga wimbo wa Beatles. Vitanzi vya programu vilikuwa vimepimwa ili kelele za saketi zitoke kama noti. Watu walipiga makofi.

Majirani hawakupiga makofi. Tarakilishi zilipoingia majumbani, kelele zile zile zilivuruga runinga. TRS-80 Model I ya mwaka 1977 iliendeshwa kwa MHz 1.77, na utajiuliza runinga inahusikaje na masafa madogo hivyo. Ni kwamba mapigo ya saketi ni ya mraba, na wimbi la mraba huzaa mawimbi mengine ya mara 3, mara 5, mara 7 na kuendelea. Zidisha 1.77 kwa 31 upate karibu MHz 55, penye chaneli ya 2 ya runinga za Marekani. Kasha lake lilikuwa la plastiki, na kebo zake zikawa antena. (Wachezaji wa gemu walifurahia: waliweka redio kando wapate sauti.)

Mwaka 1979 tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, ikatoa kanuni. Vifaa vya ofisini na viwandani vikawa daraja A, na vya nyumbani daraja B, lililo kali zaidi. Kati ya MHz 30 na 88, kifaa cha daraja B hakiruhusiwi kuzidi mikrovolti 100 kwa mita, kikipimwa umbali wa mita 3. Kuirekebisha Model I kungekuwa ghali, kwa hiyo Tandy wakaacha kuiuza Marekani mwaka 1981. Model III ilikuwa tayari madukani.

Atari 800 ilichomekwa moja kwa moja kwenye runinga, kwa hiyo ilivalishwa ndani alumini nzito kama sufuria ya harusi. Apple walitumia ujanja: Apple II iliuzwa bila kifaa cha kuiunganisha na runinga, na kampuni nyingine ndogo ikakiuza kando. Sheria ilitimizwa, jirani sijui!

Ulaya walitoa agizo lao mwaka 1989, likawa la lazima tarehe 1 Januari 1996. Hapo ndipo alama ya CE ilipoenea kwenye vifaa vya tarakilishi.

Sasa fungua BIOS ya mashine ya zamani kidogo. Utaona chaguo liitwalo Spread Spectrum. Linayumbisha kasi ya saa kidogo sana, mara nyingi chini ya asilimia 1, ili nishati isirundikane kwenye masafa mamoja. Nishati haipungui, inatandazwa tu, na kipimo cha maabara kinasoma kidogo. Mimi naona huo ni ujanja ule ule wa Apple, ila huu unamsaidia jirani kweli. Wanaoongeza kasi ya prosesa ndio hulizima kwanza.