Bampa la mbele la pikapu kuukuu

Kubadilisha bampa la mbele la pikapu kuukuu ni kazi ya gereji ya kufungua bampa lililopinda au kuliwa na kutu na kufunga jingine kwenye ncha za mbele za chesesi. Hapa inaelezwa kwa mfano wa Toyota Hilux ya kizazi cha tano, iliyotoka mwaka 1988 na kuundwa hadi 1997, gari ambalo bado linabeba mkaa, ndizi na mabomba ya maji katika barabara nyingi za Afrika Mashariki. Huko Marekani liliuzwa kwa jina la Toyota Pickup hadi Tacoma ilipochukua nafasi yake mwaka 1995.

Muundo

Bampa la zamani ni bamba nene la chuma lililokunjwa, ama limepakwa rangi ama limechovywa kromu. Linashikwa na breketi mbili za chuma, kushoto na kulia, zilizofungwa kwa boliti kwenye ncha za chesesi. Pembeni mara nyingi huwa na vipande vya plastiki, na katika matoleo mengi taa za indiketa zimo ndani ya bampa lenyewe. Nyuma yake hakuna sponji wala boriti ya kumeza mshtuko kama ilivyo katika magari madogo ya leo, hivyo pigo kubwa hupita moja kwa moja hadi kwenye breketi na chesesi. Ndiyo maana bampa lililokunjamana kidogo tu huweza kuficha breketi iliyopinda vibaya.

Kutu huanzia nyuma, mahali pasipofutwa na mtu. Tabaka la kromu inayoonekana huwa jembamba mno, chini ya maikroni 1, na kinga halisi hutokana na nikeli iliyo chini yake. Upande wa ndani hauchovywi kwa uangalifu huo. Katika miji ya pwani kama Tanga na Mombasa, hewa ya chumvi huiharakisha kazi hiyo.

Kuchagua jingine

Mabampa ya mtumba hupatikana katika masoko ya spea kama Shauri Moyo jijini Dar es Salaam na Grogan jijini Nairobi. Mnunuzi aende na bampa lake la zamani, au walau na vipimo vya umbali kati ya matundu ya boliti. Jina la Hilux peke yake halitoshi: pikapu inayovutwa na magurudumu manne ina mabawa mapana kuliko ile ya magurudumu mawili, na bampa la moja likifungwa kwenye nyingine huacha pengo pembeni au hujitokeza nje. La mtumba lililonyooka, hata likiwa limechakaa rangi, ni bora kuliko jipya la bati jepesi linalong'aa.

Kufungua

Waya hasi wa betri hutolewa kwanza, kisha soketi za indiketa na kibao cha namba. Boliti za breketi kwa kawaida huwa za milimita 10 au 12, zenye vichwa vya spana namba 14, 17 au 19. Zile zilizokaa miaka thelathini hazifunguki kwa nguvu peke yake. Hupuliziwa mafuta ya kulegeza kutu usiku wa kuamkia kazi, husuguliwa kwa brashi ya waya, kisha hujaribiwa kwa spana ya boksi, ikizungushwa mbele na nyuma kidogo kidogo. Spana ya mdomo huharibu kichwa. Boliti ikikataa kabisa, fundi huikata kwa grenda, na hiyo si aibu, maana boliti mpya ni rahisi kuliko tundu la chesesi lililoharibiwa. Anayetumia moto achunguze kwanza waya na mabomba yaliyo karibu. Bampa la chuma ni zito. Mtu wa pili alishike kabla boliti ya mwisho haijatoka.

Breketi na chesesi

Hapa ndipo kazi inapoamuliwa. Chesesi hupimwa kwa mishazari, kutoka tundu la kushoto mbele hadi tundu la kulia nyuma, na kinyume chake. Vipimo vikitofautiana waziwazi, gari limepigwa na linahitaji kunyooshwa kwanza. Mafundi wengine hutanua matundu ya breketi ili bampa likae sawa kwa macho. Huo ni udanganyifu: mwenye gari hugundua anapovutwa kutoka kwenye matope kwa kulabu ya mbele. Breketi iliyopasuka ibadilishwe. Ikilazimu kuchomelewa, iondolewe garini, maana umeme wa kuchomelea huweza kuharibu altaneta.

Kufunga

Sehemu zilizokwanguliwa hupakwa rangi ya kuzuia kutu, na upande wa ndani wa bampa pia. Boliti zote huingizwa kwa mkono bila kukazwa, nafasi kati ya bampa na mabawa hupimwa pande zote mbili, ndipo hukazwa kwa kupokezana. Kwa boliti za daraja la 8.8, kiasi cha kawaida ni takriban Nm 45 kwa zile za milimita 10 na Nm 80 kwa za milimita 12. Indiketa zijaribiwe na kibao cha namba kirudishwe kabla gari halijatoka gereji. Baada ya safari ya kwanza ya barabara ya vumbi, boliti zote zikaguliwe tena kwa spana.