Theluji ya Mapema Milimani

Ndugu mkulima, sisi tukitaka kujua mvua hutazama upande unakotoka upepo. Hebu leo tuwaangalie wenzetu wa milima ya Sierra Nevada, huko Kalifornia, Marekani. Tufani zao za majira ya baridi hutoka magharibi, katika Bahari ya Pasifiki.

Mwishoni mwa Oktoba 1846 msafara wa akina Donner ulifika chini ya milima hiyo na magari ya kukokotwa na maksai. Walikuwa wamechelewa, maana njia ya mkato waliyoifuata iliwapotezea majuma kadhaa na ng'ombe wengi. Theluji ikawawahi. Njia ya kuvukia, iliyo zaidi ya mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, ikazibika. Maksai waliobaki walifukiwa na theluji, hata wenyewe wasijue wachimbe wapi kupata nyama. Karibu nusu ya watu walikufa.

Je, wangeweza kuonywa? Wapi! Siku zile habari ya tufani haikuweza kuitangulia tufani yenyewe. Mwaka 1870 Marekani ilianza kukusanya vipimo vya hewa kutoka vituo 24 kwa telegrafu. Hilo lilikuwa jambo kubwa, ila liliwafaa zaidi watu wa mashariki, kwani kituo cha nyuma kilimwarifu wa mbele. Nyuma ya Sierra kuna bahari, na samaki hapigi simu. Ikabidi kungoja redio za melini, halafu setilaiti ya TIROS-1, iliyorushwa tarehe 1 Aprili 1960, ndipo mawingu yakaonekana yangali mbali.

Lakini kuiona tufani si kuijua theluji. Hewa yenye unyevu ikipandishwa na mlima hupoa, ikamwaga maji. Tufani inayovuta hewa ya upande wa Hawaii huja na joto, basi hata juu hunyesha mvua. Ile ya upande wa Alaska huja na baridi, theluji ikashuka hadi mabondeni. Mtabiri akikosea kimo kwa mita 300 tu, palipotangazwa theluji patanyesha mvua. Kwa mkulima wa kule tofauti hiyo si ndogo: mvua hukimbilia mtoni siku ile ile, theluji humngojea mpaka wakati wa kumwagilia. Nayo ya Oktoba huweza kuyeyuka yote kabla ya Krismasi, ndiyo maana kipimo wanachokitegemea zaidi huchukuliwa karibu na tarehe 1 Aprili.