Picha za Usiku Ituri: Kutoka Baruti hadi Kioo

Katika msitu wa Ituri giza halingoji jua lizame. Chini ya miti ya mbau, mwanga wa saa sita mchana huwa haba kama wa magharibi. Humo, na kwingineko kaskazini-mashariki mwa Kongo, ndimo Herbert Lang wa jumba la makumbusho la historia ya asili la New York alimopiga karibu picha 10,000 kati ya 1909 na 1915, akiwa na mwenzake James Chapin. Ni hazina kubwa.

Usiku wenyewe ulidai moto. Kabla ya Lang, Mjerumani Carl Georg Schillings, aliyezunguka nchi ya Wamaasai upande wa Kilimanjaro miaka ya 1903 na 1904, alimfunga mnyama wa chambo, akatega kamera za kampuni ya Goerz ya Berlin na kusubiri. Simba alipogusa uzi, unga wa magnesiamu ulilipuka na picha ikapatikana. Kitabu chake cha 1905 kilisifiwa sana Ulaya, lakini unga ule ungeweza kumuunguza mpiga picha mwenyewe.

Kilichoondoa haja ya mlipuko ni lenzi. Mwaka 1840 Joseph Petzval wa Vienna alibuni lenzi ya f/3.6 (namba ya f ikiwa ndogo, mwanga huingia zaidi), iliyopitisha mwanga mwingi ajabu kwa wakati wake. Mwaka 1924 kampuni ya Ernemann ya Dresden ikaleta lenzi ya f/2, inayopitisha mwanga zaidi ya mara tatu ya ile. Sasa taa za ukumbini zilitosha.

Vijana wa Bunia, mji wa Ituri, wanaoanza kazi ya kupiga picha za harusi na tamasha wanarithi hatua hiyo. Lenzi ya kawaida inayouzwa pamoja na kamera hufikia f/5.6 inapovutwa, ilhali ile ya milimita 50 yenye f/1.8 hupokea mwanga karibu mara kumi ya hapo. Mwaka 1990 Canon ilitoa moja ya plastiki, nyepesi na ya bei nafuu, na kwa wengi ilikuwa lenzi ya kwanza kununua. Kwenye kamera yenye kihisi kidogo, milimita 50 hubana mno chumbani, hivyo milimita 35 hufaa zaidi. Tena kwa f/1.8 kina cha ukali, yaani eneo linaloonekana wazi pichani, ni chembamba: bwana harusi akisogea hatua moja mbele ya bibi harusi, mmoja wao atatoka na ukungu.