Usimamizi wa walimu ndiyo nguzo ya shule za Kiislamu Mbeya, Iringa

SHULE ya msingi ya Kiislamu huwa na walimu wa aina mbili. Wapo wa masomo ya mtaala wa Serikali, waliopitia chuo cha ualimu, na wapo maustadhi wa Qur'an na Kiarabu, ambao wengi wao elimu yao ni ya madrasa. Ubora wa shule hutegemea namna makundi hayo yanavyosimamiwa.

Historia ya suala hili inaigusa Iringa, ambako Baraza Kuu la Waislamu Tanzania (BAKWATA) liliundwa Desemba 1968. Muda mfupi baadaye, Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliziweka shule za mashirika ya dini chini ya Serikali. Sera ya Elimu ya mwaka 1995 ndiyo iliyoihimiza upya sekta binafsi, zikiwamo taasisi za dini, kuanzisha shule.

Walimu wa shule hizo hawasimamiwi na Tume ya Utumishi wa Walimu, ambayo ni ya walimu wa Serikali. Mwajiri wao ni mmiliki wa shule, chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Anayelipwa kwa mwezi anaweza kuacha kazi kwa notisi ya siku 28. Serikali inapotangaza ajira, mwalimu wa Hisabati huweza kuondoka katikati ya muhula, na wanaoumia ni wanafunzi wa madarasa ya mitihani.

Nyanda za Juu Kusini zina vyuo vya ualimu, vikiwamo Klerruu mjini Iringa na Tukuyu mkoani Mbeya. Kazi ngumu ni kumbakiza mwalimu. Hilo huanza na mkataba wa maandishi, mshahara unaolipwa kwa wakati na michango ya NSSF, ambayo ni asilimia 20 ya mshahara, mwajiri akichangia angalau nusu yake.

Mwalimu mkuu naye hana budi kukagua azimio la kazi na andalio la somo, kuingia darasani, kisha kumshauri mwalimu faraghani. Ustadhi asiachwe kando: naye aandae somo, ahudhurie vikao vya walimu na apewe mafunzo ya mbinu za kufundishia.

Bodi ya shule, kwa upande wake, iajiri kwa sifa, si kwa undugu, na imwachie mwalimu mkuu masuala ya taaluma. Mzazi anayelipa ada anastahili kuuliza: walimu wa mwaka jana wangapi bado wapo?