Mzayuni ni Nani?

Muumini wa Singida hulikuta jina Sayuni katika Zaburi za Misa: ni kilima cha Yerusalemu. Ndipo lilipotoka neno Uzayuni, harakati ya Wayahudi ya kujipatia taifa katika nchi ya mababu zao, iliyofanya mkutano mkuu wake wa kwanza Basel, Uswisi, mwaka 1897, chini ya Theodor Herzl.

Maana ya neno hilo ilijaribiwa hapa kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 1903 Uingereza ilipendekeza kuwapa Wazayuni uwanda wa Uasin Gishu, ulio Kenya ya leo, ingawa mpango huo huitwa wa Uganda. (Wanandi na Wamasai hawakuulizwa.) Mwaka huohuo Wayahudi walikuwa wameuawa Kishinev, katika dola ya Urusi, hata hivyo wajumbe kutoka Urusi ndio walioupinga kwa nguvu, na mkutano wa 1905 uliukataa. Usalama bila Yerusalemu, kwao, haukuwa Sayuni.

Leo Myahudi wa Nairobi au London ajiitaye Mzayuni si lazima awe anakusudia kuhamia Israeli, wala kukubali kila tendo la serikali yake. Kwa kawaida husema kwamba watu wake wana haki ya kuwa na dola pale. Wapo Wayahudi wanaolikataa jina hilo, baadhi wakimngojea Masiha. Na Wapalestina, waliopoteza makazi kwa mamia ya maelfu mwaka 1948, hulisikia kwa uchungu. Basi kumwita kila Myahudi Mzayuni ni kosa. Kiti Kitakatifu kilitia sahihi mapatano na Israeli mwaka 1993, na Palestina mwaka 2015.