Nyaya mbili, njia moja: mipangilio ya chaneli baina ya swichi lazima ikubaliane

Swichi ninayoizungumzia hapa si ile ya kuwashia taa ukutani. Ni kile kisanduku chenye matundu mengi kinachounganisha kompyuta, kamera, simu za mezani na vifaa vya Wi-Fi katika ofisi, shule, hospitali au hoteli. Jengo likikua, swichi moja haitoshi. Unafunga ya pili na kupitisha waya baina yao. Waya huo ukielemewa unaongeza mwingine, na hapo ndipo wengi hukwama, kwa kuwa nyaya mbili zilizochomekwa hivi hivi hazileti kasi mara mbili.

Katika kazi yangu ya kufunga mitandao, tatizo ninaloitiwa mara kwa mara ni upande mmoja kupangwa hivi na upande wa pili vingine. Vijana wetu wengi wa Pwani wameingia katika ufundi huu, kwa hivyo nimeandika haya wayaweke karibu.

Chaneli ni nini

Swichi mbili zikiwa na njia mbili baina yao, ujumbe unaotumwa kwa kila kifaa unaweza kuzunguka bila kikomo hadi mtandao wote ulale. Kuzuia hilo, swichi hutumia itifaki ya Spanning Tree, aliyoibuni Radia Perlman mwaka 1985. Itifaki hiyo huziba njia moja na kuiweka akiba. Ndiyo sababu waya wako wa pili unakaa bure.

Chaneli hufunga nyaya mbili au zaidi ziwe fungu moja, na Spanning Tree huliona fungu zima kama waya mmoja. Nyaya zote zinafanya kazi, na mmoja ukikatika, uliobaki unaendelea kubeba.

Cisco huiita EtherChannel. Itifaki ya pamoja inayotumiwa na watengenezaji mbalimbali ni LACP, iliyotolewa na IEEE mwaka 2000 kwa jina 802.3ad, na tangu 2008 imewekwa chini ya 802.1AX. Cisco pia ina itifaki yake ya zamani, PAgP. MikroTik huiita bonding. Kwenye swichi za HP ProCurve fungu hilo huitwa trunk, lakini kwa Cisco trunk ni tundu linalobeba VLAN nyingi. Mafundi wawili wanaweza kutamka neno hilo kwenye simu, wakaitikiana vizuri, na kila mmoja akafanya lake.

Hodi na karibu

Katika LACP kila upande huwa katika hali moja kati ya mbili. Active ni anayebisha hodi: anatuma ujumbe wa kuomba fungu liundwe. Passive ni aliye ndani: ataitikia akibishiwa, lakini hatabisha yeye. Kuna hali ya tatu, on, ambayo haimo katika LACP. Huyo huingia bila hodi, akiamini tu kwamba mwenyeji yupo na yuko tayari.

Matokeo yake ni haya:

- Active na active: fungu linaundwa.
- Active na passive: fungu linaundwa.
- Passive na passive: haliundwi. Wote wawili wanangoja kubishiwa.
- On na on: linaundwa, lakini bila ukaguzi wowote.
- On na active, au on na passive: halikubaliki, na ni hatari.

PAgP nayo ina desirable, ambayo hubisha hodi, na auto, ambayo hungoja. Auto na auto haziundi kitu. Desirable upande mmoja na active upande wa pili pia hazielewani, kwa kuwa ni itifaki mbili tofauti.

Yanayolazimika kufanana

Matundu yote ya fungu moja yawe na kasi moja, na yote yawe yanapeleka na kupokea kwa wakati mmoja. Yote yawe ya VLAN moja, au yote yawe ya kubeba VLAN nyingi. Kama ni ya kubeba nyingi, orodha ya VLAN zinazoruhusiwa iwe ile ile, na VLAN isiyotiwa lebo iwe moja, pande zote mbili.

Kwetu Pwani kasi ina mtego wake. Hewa ya chumvi hula vichwa vya nyaya za shaba. Gigabiti 1 huhitaji jozi zote nne za waya, na jozi moja ikishika kutu, swichi nyingi hushuka zenyewe hadi megabiti 100. Taa bado inawaka, lakini waya huo haufai tena kukaa na mwenzake wa gigabiti 1 katika fungu. Kabla ya kulaumu mipangilio, tazama kasi ya kila tundu.

Nambari ya fungu haihitaji kufanana. Huku inaweza kuwa 1 na kule 5, kwa sababu ni jina la ndani la kila swichi. Kanuni ya kugawa mzigo pia ni ya kila upande peke yake. Lakini ichague kwa makini. Swichi haigawi pakiti moja huku na moja kule. Huangalia anwani, na mazungumzo yote ya jozi moja ya anwani huyapitisha waya mmoja. Kwa hivyo nyaya mbili za gigabiti 1 hazimpi mtu mmoja gigabiti 2 anaponakili faili moja. Na ukigawa kwa anwani ya MAC ya mpokeaji pekee, hali kila kompyuta inatuma kwa ruta moja, mzigo wote utaelekea waya mmoja. Kugawa kwa anwani za IP za mtumaji na mpokeaji huwa bora hapo.

Utaratibu wa kazi

Funga matundu kwanza, panga pande zote mbili, kisha fungua. Kwenye Cisco:

interface range gigabitEthernet 0/1 - 2
shutdown
channel-group 1 mode active

Kisha ingia interface port-channel 1, uweke mambo ya VLAN hapo. Yatashuka yenyewe kwenye matundu, hivyo usiyabadilishe tena tundu moja moja. Fanya vivyo hivyo swichi ya pili, ndipo urudi kwenye matundu na kuandika no shutdown. Kama unafanya kazi ukiwa mbali, usifunge waya unaokuleta kwenye swichi hiyo, la sivyo utajifungia nje.

Kagua kwa show etherchannel summary. Unataka kuona SU kwenye fungu na P kando ya kila tundu. I ina maana tundu limebaki peke yake, s limesimamishwa, na D halina mawasiliano. Ukikuta err-disabled, swichi imegundua kasoro na kujifunga. Rekebisha pande zote mbili kabla ya kulifungua.

Kwa nini siipendi on

Mafundi huikimbilia on kwa sababu taa zinawaka mara moja. Lakini upande wa pili usipojua kuwa kuna fungu, ujumbe unaofika kwa waya wa kwanza hurudishwa kwa wa pili, na swichi haijui tena kompyuta iko upande gani.

Niliitwa hoteli moja ya ufuoni ambako majengo mawili yaliunganishwa kwa nyuzi mbili za faiba, kila moja na kigeuzi chake cha kuingilia swichi ya shaba. Uzi mmoja ulikufa, lakini vigeuzi viliendelea kuwasha taa kwenye swichi. Kwa kuwa pande zote zilikuwa on, sehemu ya mawasiliano iliendelea kutumwa kwenye uzi uliokufa. Keshia mmoja alifanya kazi, na wa pembeni yake hakuweza. Walibadilisha kompyuta, wakabadilisha nyaya, na kijana aliyewafungia mtandao akanyimwa salio la malipo yake. LACP ingekosa majibu na kuutoa uzi huo baada ya sekunde 90, au sekunde 3 ikiwa imewekwa katika hali ya haraka.

Kwa hivyo, weka active pande zote mbili, na iache on kwa kifaa kisichojua LACP kabisa. Kisha andika kwenye karatasi matundu, nambari ya fungu, hali na VLAN za kila upande, uibandike ndani ya kabati la swichi. Fundi atakayekuja baada yako atajua upande wa pili unasemaje kabla hajagusa kitu.